Watoto wa Dunguni na Daftari la Mwalimu Domitila

Mgeni rasmi, Bwana Mkaguzi wa Shule: sisi wazazi wa Shule ya Mbogo Bondeni tunakuamkia, shikamoo, na pole kwa tope. Utuwie radhi kukupokea bila ngoma. Mvua haijatupa nafasi, na kusema kweli hata moyo wa kucheza hatuna. Maneno ni yetu. Aliyeyaandika na anayekusomea ni Yunusi, mwenye duka Kibaoni.

TULIKOTOKA

Shule ilianza mwaka 1951, kwa miti na nyasi zetu wenyewe. Darasa la kwanza na la pili, mwalimu mmoja. Watoto walisoma kama kasuku, Bwana. Nyumbani ni Kindamba na Kipogoro, kitabu ni Kiswahili. Mtoto anatamka "dirisha" bila kukwama, ukimwuliza dirisha ni nini anatazama miguu yake. Nyumba zetu hazina madirisha, angelijulia wapi?

KAZI YA MWALIMU DOMITILA

Mwaka 1953 akaja Mwalimu Domitila. Yeye kwa neno dirisha hakumchapa mtu. Aliwaongoza wote mpaka dukani kwa Yunusi, penye dirisha, kila mtoto akachungulia ndani, akachungulia nje, kisha akatunga sentensi yake mwenyewe. Yunusi alipiga kelele kwamba wanamfukuzia wateja. (Hapa alitaka kuyaruka maneno haya, tumemwambia asome.)

Tatizo likabaki mpunga. Ukianza kuzaa, sisi huhamia mashambani ng'ambo ya mto miezi mitatu, na walinzi ni watoto. Wanashinda juu ya dungu, kile kibanda cha miti mirefu, wakifukuza ndege. Wakirudi shuleni maneno yote yameyeyuka. Mwalimu aliliona hilo msimu mmoja tu. Msimu wa pili akavuka kuwafuata.

Asubuhi alifundisha waliobaki shuleni. Mchana alipanda mtumbwi, akapita dungu kwa dungu na mfuko wa vipande vya maboksi ya sabuni, kila kipande neno moja. Kila mtoto maneno matatu kwa juma, yanafungwa kwa kamba kwenye nguzo. La nne hupewi mpaka hayo matatu umeyatumia kuzungumza na baba yako. Jamani! Umetoka kupalilia, mgongo hauna hali, mtoto anakwambia, "Baba, mawingu yale yananitia wasiwasi." Utafanyaje? Unajibu.

YALIYOTUFIKA

Kosa lipo, hatulifichi. Watoto wa dunguni Mwalimu aliwaandika katika daftari la mahudhurio kwamba walikuwepo shuleni. Jumbe wetu, Mzee Fulgensi, alimwonya.

"Mzee wangu," akamjibu, "watoto hawa nimewafundisha leo hii. Nikiandika hawakuwepo, si ndipo nitakuwa nimedanganya?"

Mkaguzi aliyekutangulia alikuta daftari lina watoto arobaini, darasani wamekaa kumi na mmoja. Hakuuliza wengine wako wapi. Barua ikaja: Mwalimu aache kazi Jumamosi hii.

OMBI

Bwana Mkaguzi, tumechoka. Tumechoka na mto, tumechoka na nguruwe mwitu, na kuomba pia tumechoka. Bati hatuombi tena. Ubao wa pili hatuombi. Tunaomba Mwalimu Domitila abaki, na daftari lipewe ukurasa wa dunguni ili asiadhibiwe tena kwa kazi aliyoifanya. Akiondoka yeye, hakuna mwingine atakayevuka. Waliomtangulia hawakuvuka.

Neno la mwisho. Barua ile ilitukuta mashambani. Tarishi alimkabidhi Jumbe nakala, lakini macho ya Jumbe siku hizi hayaoni maandishi, Yunusi alikuwa dukani kwake, na sisi wengine hatujui kusoma. Tukamwita Rosa, binti Sebastiani, wa darasa la pili, akashuka dunguni. Aliisoma mbele yetu sote, polepole, bila kukosa. Alipofika kwenye jina la mwalimu wake machozi yalimtoka. Akajifuta, akaendelea mpaka kwenye sahihi.

Ukitaka kumpima kama anajua kusoma, Bwana, tunakusihi umpe barua nyingine.

Mungu akuvushe salama, akurudishe kwako uwakute wazima.

Ni sisi,
Wazazi wa Shule ya Mbogo Bondeni