Herakaji Anachagua Hekalu

Kibaraza chetu kiko njia panda ya mtaa wa Okubahal, mjini Patan, na mbao zake zimelainishwa na makalio ya mababu. Asubuhi hiyo ya mwezi wa Magh, baridi ikiuma, jua lilikuwa limefika nguzo ya kwanza tu, nasi wanne tukajibana hapo hapo na glasi zetu za chai. Mwenye shida siku hiyo alikuwa Herakaji, mfua shaba. Mama wa kijana anayemtaka binti yake Rajani kaingia jana kutoka Pokhara. Wao Wahindu, Herakaji Mbudha. Mama kasema kabla hajatoa neno la harusi, atembezwe mahekalu, ajue mwanawe anaoa kwa watu wa namna gani.

Herakaji: Saa tatu namfuata. Nianzie wapi?

Wakili (mahakamani kaingia mara moja tu, kukwepa mvua): Hekalu la Krishna. Mawe matupu, vilele ishirini na kimoja. Mhindu akiona lile, umemaliza.

Redio (tumemwita hivyo kwa kuwa hazimiki): Kisha Kumbheshwar, kwa Shiva. Maji ya pale yanatoka ziwa la Gosainkunda, juu milimani. Mjomba wangu aliangusha kiatu ziwani, akaja kukikuta Kumbheshwar.

Mimi: Cha kushoto au cha kulia?

Redio: Vyote. Na vimesafishwa.

Herakaji: Na Mahabuddha? Liko hapa nyuma ya karakana yangu.

Wakili: Thubutu! Kila tofali lina Buddha, na matofali ni maelfu. Ataona mwanawe kazidiwa kura.

Redio: Tena baada ya lile tetemeko la enzi za babu zetu walijenga upya, matofali yakabaki, wakajenga jingine dogo pembeni. Atasema hawa hata makombo yao ni Buddha.

Wakili: Mtaka cha mvunguni sharti ainame. Ndiyo maana milango ya mahekalu ni mifupi. Sikiliza, Hera. Kila Buddha mtakayempita, mwambie huyo ni Vishnu, amekaa kupumzika.

Redio: Akiuliza mbona kafumba macho?

Wakili: Jua kali.

Redio: Na wewe mwenyewe jiite Krishna Prasad mpaka harusi ipite. Mficha uchi hazai, lakini anaoza binti.

Herakaji akaanza kutikisa kichwa kama anayekubali. Hapo nikapandwa na hasira.

Mimi: Koma, nyote. Mimi shule sikuiona, kuchonga nimejifunza kwa kuharibu mbao. Lakini dirisha lenye ufa siliuzi kwa kulipaka rangi. Mpeleke kwenu kwanza, kwenye ua wa Buddha wenu. Akikataa, akatae mchana kweupe.

Herakaji: Binti si wako, kaka. Akikataa, nitakayelala na kilio chake ni mimi.

Mara Rajani akakata kona, sahani ya shaba mkononi, imebakiwa na punje za mchele na petali mbili. Nyuma yake mama wa makamo, kipaji cha uso kimepakwa rangi nyekundu mpaka kwenye nywele. Mwanamke wa Patan akitoka alfajiri na sahani, kila mungu anayempita anampa mchele wake. Rajani alikuwa kampitia mgeni na kumzungusha mji mzima.

Herakaji akasimama, chai ikamwagika.

Mama: Namaste, wazee wangu. Kaeni. Nimeona mengi, ila moja limenitatiza. Yule mungu mwekundu wa Tabahal, mwenye macho makubwa. Mbele yangu alisujudu Brahmani, kuhani wa Kihindu, nyuma yangu mtawa wa Kibudha. Yule ni wetu au wenu?

Herakaji: Sisi tunamwita Lokeshwar.

Wakili: Sisi Wahindu wa hapa, Machhindranath.

Redio: Bibi yangu alimwita Bungadya tu, akamwomba mvua.

Mama: Majina nimeyasikia. Nimeuliza ni wa nani.

Wakili akachungulia glasi yake. Mimi gari la mungu yule nimelivuta kwa kamba kwenye sikukuu yake kila mwaka tangu utotoni, bega kwa bega na kila aina ya mtu.

Herakaji: Mama, nisikudanganye. Hatujui. Hatujawahi kumuuliza.

Mama akaketi kati ya Redio na Wakili, penye jua.

Mama: Miezi mitatu sipati usingizi, nawaza harusi ifungwe na kuhani yupi, wetu au wenu.

Herakaji: Na sasa?

Mama: Sasa nipeni chai. Tutawaita wote wawili, wagombane wenyewe.