Mteremko wa Papa Polycarpe

Katika taksi-basi ya kwenda Nyantende, mbele yangu walikaa watu wawili wasiojuana. Papa Polycarpe alikuwa anajenga nyumba kwenye mteremko. Aliposikia kwamba Charlène, msichana wa kando yake, anasomea uhandisi wa ujenzi, alifurahi kama mgonjwa aliyekutana na daktari wa bure.

"Mutoto wangu, mu nguzo ya salon, pale pa kupokelea bageni, niweke vyuma ngapi?"

"Papa, kwanza miti ya pale imesimama sawa?"

"Imeinama kidogo. Lakini mimi naongea nyumba, wewe unaongea miti."

"Kama yote inainamia chini, udongo iko inatembea, na nyumba itaifuata. Banatufundisha ile mu géologie."

"Géologie si ni ya batu ba dhahabu? Unasomea kujenga, na banakufundisha majiwe. Bazazi bako banajua?"

Abiria wakacheka. Mimi sikucheka sana, kwani nyumba yangu pia iko mteremkoni, na miti yake sijawahi kuiangalia.

Charlène akauliza taratibu, "Mu ile nyumba nani atalala?"

"Muke wangu Maman Georgette na batoto. Tutahamia mbele ya mvua kuanza."

Gari liliposimama karibu na kiwanja chake, Papa akashuka. Charlène naye akachukua mfuko wake, akashuka.

"Wewe si ulisema unaenda mbele?"

"Ninaenda, Papa. Lakini unionyeshe kwanza ile miti."

Papa Polycarpe akafikiri kidogo. "Sawa. Ukimaliza miti, utanihesabia vyuma."