Heledi mwana wa Shamai, Aliyemwinulia Kaka Yake Jina

Heledi alizaliwa hapa Tekoa, wiki ya kukata shayiri, mwaka wa pili baada ya lile tetemeko la nchi. Alikuwa kitinda mimba wa marehemu Shamai na mkewe Atara. Kaka yake alikuwa mmoja tu, Zakuri.

Shule yake ilikuwa magotini pa baba yake, akifundishwa majina ya mababu mpaka kwa Yuda mwenyewe. Kuna babu mmoja alikuwa akimruka kila mara. Alipoulizwa, akasema, "Huyo jina lake refu, baba, nitachelewa kula." Alipokua alichunga kondoo na kuwakata manyoya. Wenye mifugo walimfuata hata kutoka Hebroni, maana kondoo alitoka mikononi mwake bila mkwaruzo.

Zakuri alifariki kijana, bila mtoto, akamwacha mjane, Naara. Kwa desturi yetu ilimpasa Heledi amwoe, na mwana wa kwanza ahesabiwe wa Zakuri, arithi na shamba lake. Baba yake mdogo, Paltieli, alimshauri langoni pa mji mbele ya wazee: "Kataa tu. Naara atakuvua kiatu, atakutemea mate, yameisha. Mate hukauka."

Heledi akamjibu, "Mate yatakauka, baba mdogo. Na jina la kaka je?"

Wakaoana msimu wa zabibu. Kisimani wanawake walimtania Naara: "Wewe, leo umempikia mume yupi, wa juu au aliyezikwa chini ya mwamba?" Naye akawa anawajibu, "Wa juu ndiye anayemaliza mikate."

Akazaliwa Yamini, akahesabiwa wa Zakuri. Mbele za watu alifundishwa kumwita Heledi baba mdogo, lakini ulimi wa mtoto hauna hatamu za mtu mzima. Siku ya karamu ya kukata manyoya, wageni wamejaa, akapaza sauti: "Baba, beberu anakimbia huyo."

Heledi akainuka, akajifunga mshipi. "Baba yako amelala, mwanangu. Ngoja nimkimbilie mimi."

Wakacheka wote. Wageni walipoondoka alimuuliza mkewe taratibu, "Mama Yamini, mimi nitaitwa baba na nani?" Watoto wawili waliofuata walizaliwa bila kulia, wakazikwa.

Baada ya mvua za mwisho, Heledi alishikwa na homa ikambana kifua. Naara alikuwa mjamzito tena. Alimkanda, akamnywesha maji ya tini zilizochemshwa, na kila mara mgonjwa alinyoosha kiganja chake tumboni pa mkewe akiuliza, "Amecheza?" Sauti ilipomwishia, aliuliza kwa macho. Alifariki leo alfajiri, kabla kondoo hawajatolewa zizini.

Ameacha mama yake, Atara, na mkewe, Naara. Ameacha Yamini mwana wa Zakuri, ambaye tangu asubuhi anauliza amlilie kama baba au kama baba mdogo, na hakuna mtu mzima aliyemjibu. Ameacha pia mtoto aliye tumboni. Tangu kilio kianze hajacheza. Naara ameweka mkono pale pale alipokuwa akiuweka Heledi, na anasubiri.

Heledi mwana wa Shamai alale na baba zake kwa amani, na jina lake lisilale pamoja naye.