Historia ya Marehemu Harlan Brekke, Fundi Aliyesoma Bunduki kwa Vidole

Mchungaji, wafiwa wenzangu, na nyote mliowaacha ng'ombe wenu kuja kuketi nasi, marehemu Harlan Brekke alizaliwa tarehe 9 Machi 1934 hapa hapa Nordal, Wisconsin, akiwa mtoto wa tatu wa Torvald na Inga Brekke, akasoma shule ya kijiji hadi mwaka 1952, ambako, kwa ushahidi wa dada yake Borghild aliyeketi hapa mbele, hakupenda kitu isipokuwa kengele ya kwenda nyumbani.

Alipotoka jeshini mwaka 1956 alifungua karakana ya bunduki nyuma ya kiwanda cha jibini. Miaka hiyo bunduki kuukuu za vita ziliagizwa kwa posta kwa bei ya kutupa, na kila mwanamume hapa kijijini alizipunguza mbao, akazipiga randa na vanishi, akaenda nazo kuwinda kulungu, hadi wajukuu walipoanza kuzitaka zilivyokuwa mwanzo, wakamjia Harlan kuuliza kama zinarudishika. Naye aliipokea bunduki, akafumba macho, akaipapasa polepole, kisha akasema mbao hupatikana na vanishi hutoka, ila mtutu uliokatwa na chuma kilichotobolewa kuwekewa darubini ndiyo basi tena, halafu akataja nchi ilikotengenezwa na mwaka wake, nasi tuliosimama pale tukabaki midomo wazi. Wallahi, mtu yule alikuwa ajabu.

Tarehe 14 Juni 1958 alifunga ndoa na Marvel Sather katika kanisa hili, wakajaliwa watoto wawili, Joyce na Dale, na Marvel alitangulia mbele ya haki mwaka 2011.

Sasa nafika mahali ambapo marehemu mwenyewe aliagiza pasirukwe. Novemba 1971, kwenye chakula cha wawindaji katika ukumbi ulio chini ya kanisa, Elmer Fosse, aliyekuwa mpishi wa jeshi katika Vita vya Pili vya Dunia, alileta bunduki yake ya Kijerumani aina ya Mauser, mbao zimepigwa randa, mkono wa komeo la kupakilia risasi umepindwa, akasimulia alivyoitoa vitani kwa mkono wake. Harlan aliitupia jicho, akasema, "Elmer bwana, hii umeiagiza kwa posta kama sisi wengine, huko vitani ulileta masufuria tu," watu wakacheka hadi kahawa ikamwagika, na kwa kuwa neno la Harlan kuhusu bunduki halikuwa na rufaa, Elmer aliifunga bunduki yake katika tambara akaenda nyumbani, na hadi anazikwa mwaka 1990 hakutaja tena vita mbele ya mtu.

Mwaka 2016 macho ya Harlan yaliingia giza. Masika ya 2018 Lorna, binti yake Elmer, alimletea Mauser ileile, akamwambia, "Mzee Harlan, sitaki kuiuza, nataka tu kujua kama baba alitudanganya." Harlan akapapasa mtutu, mzima, akapapasa chuma, hakina tundu hata moja, kisha akaisukuma pete ya chuma inayobana mbao, jambo ambalo mwaka ule hakujisumbua kulifanya, na chini yake kidole kikakuta alama ya msumeno na kiungo cha kijiti, kwa maana askari arudiye vitani hukata mbao pale, penye kufichika, ili bunduki iingie kwenye mfuko wake wa safari na iungwe afikapo kwao, jambo lisilofanywa kwa bunduki ya posta. Akairudisha pete mahali pake, akasema, "Inarudishika, mwanangu. Baba yako alisema kweli, mimi ndiye niliyemsingizia." Alilia, na Lorna akamshika mkono.

Jumapili iliyofuata baada ya ibada aliomba aongozwe hadi kwenye meza ya kahawa, akayasema hayo mbele ya wote, ingawa waliocheka naye wengi walikwisha kufa.

Moyo wake ulidhoofika mwezi Agosti mwaka huu, na tarehe 2 Novemba 2019, alfajiri, akiwa nyumbani kwake, alitutoka.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi, majirani walioleta vyakula hata friji ikagoma kufungwa, mafundi wenzake, na Lorna, aliyekuja kumsomea gazeti kila alasiri hadi mwisho.

Harlan, kaburi lako limechimbwa ubavuni mwa Elmer Fosse, kama ulivyoomba, na Lorna ndiye aliyekubali. Pumzikeni kwa amani, wote wawili.