Masikio na Kicheko cha Mstari wa Tatu

Je, wewe uliyeketi hapo, umewahi kucheka pamoja na mtu aliyekufa? Usikimbilie kusema hapana. Kama uliwahi kutazama marudio ya tamthilia ya vichekesho "Kochi la Wageni", umecheka nao. Watu sitini walikaa studio namba mbili kila Alhamisi. Wengi wao wametangulia, na vicheko vyao bado vinatoka kwenye televisheni kana kwamba vimechekwa leo asubuhi. Aliyevinasa ndiye tunayemzika leo. Wenzake walimwita Masikio, na jina hilo ndilo alilotaka lisomwe hapa.

Marehemu alizaliwa Jumanne, tarehe 9 Machi 1948, katika chumba cha nyuma cha duka la fundi saa, akiwa mtoto wa nne kati ya sita. Fundi saa huyo alikuwa baba yake. Akiwa na miaka saba aliweza kushika saa, kuiweka sikioni na kusema, "Baba, hii inachechemea." Baba yake aliifungua akidhani mtoto analeta mzaha. Ilikuwa inachechemea kweli. Kuanzia siku hiyo wateja walimpa mtoto saa kwanza, baba baadaye.

Alisoma shule ya msingi ng'ambo ya reli kuanzia 1956 hadi 1963, ambako mwalimu wa hesabu alilalamika kwamba mtoto huyu hatazami ubao. Hakuutazama, aliusikiliza. Kwa mlio wa chaki tu alijua kama mwalimu ameandika saba au moja. Baadaye alijiunga na chuo cha ufundi, akahitimu cheti cha mitambo ya sauti mwaka 1969. Mwaka uliofuata aliajiriwa redioni, na mwaka 1979 akahamia televisheni.

Ni kule redioni alikokutana na mkewe, aliyekuwa mpokea simu. Siku ya kwanza alisimama kushoto kwa meza yake, akamsalimia mara tatu. Kimya. Wenzake wakamcheka: "Masikio, leo umenuniwa na ukuta!" Yeye akazunguka meza, akasalimia tena kutoka upande wa pili. Bibi akageuka na tabasamu zima: "Karibu, kaka. Mbona umesimama mbali muda wote huu?" Walifunga ndoa Jumamosi, tarehe 13 Julai 1974. Alipoulizwa siri ya ndoa yao, marehemu alijibu neno moja tu kila mara: "Nilijua pa kusimama." Tulidhani ni utani wa wazee.

"Kochi la Wageni" ilianza mwaka 1983. Ilihusu mgeni aliyeomba kulala usiku mmoja kwenye kochi, akakaa miaka minane. Bibi alihudhuria kila Alhamisi, mstari wa tatu, kiti cha pembeni kushoto. Katika kipindi cha tatu marehemu alitundika maikrofoni chini mno, juu ya kichwa cha Bibi hasa. Watu wote wakacheka, wakanyamaza, kisha sekunde mbili baadaye akacheka mtu mmoja, peke yake, kwa sauti ya kuku anayefukuzwa jikoni.

Mwongozaji akaruka kitini. "Masikio! Huyo mwanamke anatuharibia! Mtoe nje!"

"Nikimtoa, naongozana naye," alijibu. "Ni mke wangu."

Kipindi kilirushwa hivyohivyo, na wiki hiyo barua zikamiminika. Nani yule anayecheka mwisho? Mwacheni hapohapo! Tangu siku hiyo maikrofoni haikupandishwa tena, na waigizaji walijifunza kutulia baada ya kila kicheko, wakihesabu moja, mbili. Waliita huko "kumngoja Mama". Vipindi 212, na hakuna hata kimoja ambacho hawakumngoja.

Kipindi kilikoma mwaka 1991. Mwaka 1996, kituo kilipohamia jengo jipya, kanda za vicheko ziliwekwa nje zikachomwe na takataka. Marehemu alizibeba nyumbani, kanda arobaini, ndani ya maboksi ya sabuni, akazifungia kabatini chini ya mablanketi. Bibi alipofariki mwaka 2009, ufunguo wa kabati hilo ulihamia mfuko wa shati la marehemu, na haukutoka tena.

Sasa tuseme yaliyotokea mwaka huu, maana yamesemwa ovyo.

Mwezi Januari kituo kilitangaza kufufua "Kochi la Wageni" baada ya miaka thelathini na minne, na mtayarishaji aliyepewa kazi ni kitinda mimba wa marehemu. Mzee alifurahi hadi akanyoa ndevu. Jumapili ya tarehe 2 Februari binti yake huyo alikuja kula, akaweka kijiko chini.

"Baba, naomba zile kanda."

"Za kazi gani?"

"Za kuweka vicheko. Studio hatutaweka watazamaji. Siku hizi nani atakaa kitini saa mbili bila kushika simu?"

"Kwa hiyo mama yako atacheka utani ambao hajausikia."

"Baba, Mama hayupo."

"Ndiyo maana hawezi kukataa."

Binti aliondoka chakula kikiwa bado sahanini. Kwa wiki kumi na saba hawakusemeshana. Salamu zilipelekwa na wajukuu: mwambie babu yako hivi, mwambie shangazi yako vile. Wapo ndugu, na wengine wako hapa leo, waliosema mzee amekuwa king'ang'anizi, anamwekea mwanawe kauzibe kwa ajili ya kanda zilizooza. Wasifu huu unakataa. Mtu akicheka, kicheko chake ni jibu lake. Ukikikata na kukibandika chini ya utani mwingine, umemlisha mtu maneno, na aliyekufa hana mdomo wa kukukanusha. Mzee wetu alilijua hilo wakati wenye vyeo hawakulijua.

Mkurugenzi wa kituo naye hakulala. Alimwambia binti: "Bila kile kicheko cha kuchelewa, hicho si kipindi chenyewe. Nipatie kufikia Ijumaa tarehe 6 Juni, au naufunga mradi." Waigizaji wakongwe walikuwa wamebaki wanne. Hakuna aliyedhani kwamba mradi ukifungwa wataitwa mara nyingine.

Katikati ya hayo, tarehe 26 Mei, marehemu alilazwa. Moyo ulikuwa umechoka na maji yalijaa mapafuni. Jumatano ya tarehe 4 Juni binti yake aliingia wodini, akasimama miguuni pa kitanda. Wanafamilia waliokuwepo walitaka kutoka, mzee akawazuia kwa kidole.

"Umefuata ufunguo," alisema.

"Nimekufuata wewe, Baba."

"Na ufunguo."

Mzee akautoa mfukoni, akaushika kidogo kabla ya kuuachia. "Kanda ya tatu. Isikilize yote, sauti ya juu kabisa. Kisha fanya utakalo. Mama yako aliniapisha nisiseme, na mimi sijasema. Acha kanda iseme."

Binti alisikiliza kesho yake, peke yake, amevaa hedifoni za baba yake. Watu sitini walicheka, wakanyamaza. Na chini ya ule ukimya, karibu kabisa na maikrofoni, mama yake alinong'ona: "Amesemaje?" Jirani wa kulia akamrudia utani ule sikioni. Ndipo akacheka.

Akarudisha nyuma. Akaweka kanda nyingine. "Amesemaje?" Kila kanda.

Sikio la kushoto la Bibi lilikufa kwa homa angali mtoto. Alificha maisha yake yote, kwanza asikose kazi ya simu, baadaye kwa mazoea. Sisi nyumbani tulimtania kwamba ni mzito wa kuelewa, na tulishangaa kwa nini lazima akae kushoto kwa kila mtu. Kumbe Masikio alijua tangu siku ya salamu tatu.

Ijumaa binti aliingia kwa mkurugenzi mikono mitupu.

"Kicheko kiko wapi?"

"Hakipo. Kilikuwa cha watu wawili, mama yangu na yeyote aliyekaa kulia kwake. Hakibandikiki. Nipe viti sitini na watu wa kuvikalia."

Mkurugenzi alifungua kalenda yake. "Kipindi kimoja, Alhamisi tarehe 19. Wasipocheka, nafunga. Usinililie."

Alipompelekea baba yake habari, mzee alitoa maagizo kwa pumzi za kuokoteza. Maikrofoni ishuke mstari wa tatu. Feni zizimwe. "Na waigizaji wangoje."

"Wamngoje nani, Baba?"

"Wangoje tu."

Marehemu alifariki Jumatano, tarehe 18 Juni 2025, saa kumi alasiri, akiwa na umri wa miaka sabini na saba, mkono wake ukiwa katika mkono wa binti huyo. Ameacha watoto watatu, wakwe wawili, wajukuu saba, kitukuu mmoja, na dada yake mdogo ambaye bado anavaa saa aliyoitengeneza. Alisikiliza wengine maisha yake yote. Mungu amjalie utulivu anaoustahili.

Hapo ndipo wasifu ungeishia. Lakini asubuhi iliyofuata mjukuu anayesoma haya alikuwa studio, na ni haki msikie aliyoyaona.

Ndugu walimsihi binti aahirishe. Alisema, "Baba angenifokea," akakaa kwenye mitambo. Watu sitini waliingia. Mkurugenzi alisimama mlangoni amefunga mikono. Taa zikawaka juu ya lile kochi la zamani, hodi ikapigwa, na yule mgeni akaingia na sanduku lake, mvi kichwa kizima.

"Samahani," alisema. "Nilisahau mswaki."

Watu walicheka, kisha wakanyamaza. Waigizaji wanne wakasimama kimya, wakingoja. Moja. Mbili. Hakuna kitu. Mkurugenzi akatazama saa yake. Tatu. Mwigizaji mmoja alianza kufungua kinywa, na mwenzake akamkanyaga mguu. Nne.

Katika mstari wa tatu, mama mmoja mnene, mshonaji aliyekuja na uzi ukiwa bado umening'inia begani, alimgusa jirani yake.

"Amesemaje?"

"Kasahau mswaki."

Akacheka. Alicheka hadi akashika kiti cha mbele yake, na watu wote wakaanza upya. Kwenye mitambo, binti wa marehemu alikuwa amevaa zile hedifoni, machozi yakimtiririka hadi kwenye vitufe, na kidole chake kikipandisha sauti ya mstari wa tatu taratibu, kama alivyofundishwa.