Duara Lisilo na Mshale

Usinikunjie uso kabla sijaanza. Najua unachotaka kusema: haiwezekani mtu aliyekaa stoo miaka thelathini na moja, anayeijua kila valvu kwa kuipapasa tu, achorewe karatasi inayosema hakuna anayemhitaji. Imewezekana. Huamini, nyamaza usikilize. Kunyamaza kukikushinda, nenda kasikilize redio. Ilikuwa Ijumaa, saa nane mchana, kwenye karakana ya maji, ambayo stoo yake ina mlango unaofungukia barabarani, pale kwenye kona. Ukiingia tu, kuna benchi refu na birika la kahawa la Bibi Stoo. Benchi hilo halina cheo, lakini hakuna pampu iliyowahi kupona mjini bila mtu kukaa pale kwanza. Siku hiyo walikaa watatu. Spika, fundi bomba, aliitwa hivyo kwa sababu hamwachii mtu zamu ya kusema. Koplo, mwanajeshi mstaafu, kazi yake kusuka mota zilizoungua. Msomamita huzunguka mitaa akisoma mita, na hurudi na habari za kila nyumba. Bibi Stoo mwenyewe alisimama nyuma ya kaunta, ameshika karatasi kubwa kwa ncha za vidole kama aliyeshika panya kwa mkia.

— Igeuze, Bibi, alisema Spika. Labda umeishika kichwa chini.

— Nimeigeuza mara tatu. Duara langu liko kule kule pembeni, kama kipele.

Karatasi ilitoka kwa binti wa chuo kikuu aliyesomea elimu ya jamii. Alikuja mwezi uliopita akasema kila ofisi ni ofisi mbili: moja imebandikwa ukutani na vyeo vyake, ya pili inatembea kwa miguu ya watu. Hiyo ya pili ndiyo aliyotaka kuichora. Akagawa fomu yenye swali moja: Unapokwama kazini, unamwuliza nani kwanza? Kila jibu likawa mshale, kutoka duara la mtu huyu kwenda duara la yule. Mishale kumi na tisa ilimwendea meneja. Kwa Bibi Stoo haukwenda hata mmoja. Meneja aliufurahia mchoro mpaka akautolea nakala, na asubuhi hiyo alimletea Bibi nakala moja pamoja na neno lake: utafiti umesema, saa tisa aje asaini kwamba nafasi yake imefutwa.

— Ni kompyuta hiyo, alisema Koplo. Ofisi ni mashine, Bibi. Mashine ikiona kifaa kina miaka mingi, inakitema.

— Mashine wapi! Ofisi ni familia, alisema Spika. Na baba wa familia hii hapendi kuambiwa mchuzi una chumvi. Nani alimwambia mbele ya wageni kwamba pampu aliyoagiza inafaa kumwagilia mchicha?

— Mimi, alisema Bibi. Na ndiko iliko sasa hivi, kwenye mchicha.

— Basi. Umeondolewa mezani.

Msomamita alicheka mpaka kahawa ikamwagikia goti.

— Nyie mnaota. Ofisi ni maigizo. Mimi napita ofisi zote za mji huu. Ofisi ya barabara walichorwa, wakafuta mtu. Ofisi ya umeme wakaona wivu, nao wakachorwa, wakafuta mtu. Sasa sisi tungebakije bila kufuta mtu? Tungeonekana washamba! Hata wangetuchorea ng'ombe, kuna mtu angefutwa.

— Afadhali ungejua, alisema Spika, akishusha sauti. Kuna ofisi moja, haina jengo, haina simu. Hiyo ndiyo inachora ofisi zote duniani. Huyu meneja wetu bosi wake halisi hajawahi hata kumwona.

— Itakuwa chini ya ardhi, alisema Koplo.

— Hapo umesema! Mbona mabomba yetu kila siku yanapasuka?

Bibi Stoo aliwamiminia kahawa. Alimtazama Spika na kukumbuka kwamba asubuhi ile ile, kabla ya saa mbili, huyo huyo alikuja mbio kumwuliza bomba la chuma la mtaa wa juu linaingia koki gani. Jana Koplo alikuja na kipande cha waya mkononi. Juzi Msomamita alikuja kuulizia mita iliyokuwa ikirudi nyuma. Watu wazima, wanabisha hodi kila siku, na leo wanamtafuta mchawi chini ya ardhi.

Hapo akaingia fundi mpya, mwanamke wa makamo, siku yake ya tatu kazini, ameshika valvu inayochuruzika. Alitafuta gasketi, yaani ule mpira wa kuzibia. Akasimama akawasikiliza, akiangalia huku na huku.

— Samahani, jamani. Mimi fomu hizo sikuzikuta. Kwani nyie mliandika jina la nani?

Spika, ambaye hajawahi kukosa la kusema hata msibani, aligundua uchafu kwenye ukucha wake. Koplo alivua kofia, akaivaa tena. Nje lori lilipita, na wote watatu wakaligeukia kama wanalisubiri tangu asubuhi.

— Mjibuni mgeni, alisema Bibi. Ameuliza Kiswahili.

— Bibi, fomu ilikuwa na jina langu juu, alisema Spika. Ningeandika simwulizi meneja, si ningeonekana namdharau? Ilikuwa heshima tu.

— Jeshini unamwandika mkubwa wako, alisema Koplo. Hata akiwa amelala.

— Mimi nilidhani ni zile karatasi za kujaza ziende zao, alisema Msomamita. Na wewe, Bibi, nani asiyekujua? Wa kuandikwa wewe? Ni kama kuandika kwamba navuta pumzi!

— Pumzi hamkuiandika, basi ikatangazwa haipo.

Akatandaza karatasi juu ya kaunta, akaweka kidole kwenye duara la Koplo.

— Unauona mshale huu? Ndio pekee ulioingia kwako. Ni wangu. Mimi mambo ya mota hunipiga chenga, nakuuliza wewe, nikaandika hivyo. Bila huo, leo saa tisa tungeitwa wawili.

Koplo aliufuata mshale ule kwa kidole mpaka kwenye duara la Bibi.

— Tuandike upya! Spika akaruka. Wote! Leo leo!

— Vizuri. Nani anatangulia kumwambia meneja usoni kwamba hamumwulizi kitu?

Spika akakaa.

Bibi Stoo alivua koti lake la kazi, akalitundika msumarini, akajifunga mtandio.

— Naenda kusaini.

— Usisaini, Bibi! alisema Spika. Utakuwa umekubali!

— Nakubali kabisa. Ila chini ya fomu hiyo ya kunifuta kuna nafasi ya maoni, na mwandiko wangu wa darasa la saba bado unasomeka. Nitaandika: mchoro huu ni sahihi, ufuatwe. Kuanzia Jumatatu kila aliyekwama amwulize meneja kwanza, asimwulize mwingine. Koki, waya, mabomba ambayo lebo zake zilifutika kabla hamjaota ndevu. Watu kumi na tisa, mlango mmoja. Mpange foleni.

— Tukikwama kabisa, tukikupigia simu? aliuliza Msomamita, mnyonge.

— Nitamwuliza meneja kama nipokee.

Fundi mpya alikuwa bado amesimama, maji ya valvu yakimdondokea kiatu.

— Na mimi, Bibi?

— Wewe mwanangu hukumwandika mtu.

Akaichukua valvu, akaizungushia kidole gumba ndani, akainama sikioni kwa yule mwanamke na kumnong'oneza. Mwanamke akaitikia kwa kichwa, macho yake yakipanda kwenye rafu ya makopo ya gasketi.

— Amesema kopo lipi? Spika aliuliza, shingo ameinyoosha. Bibi! Kopo lipi?

Bibi Stoo alikuwa amekwisha kufika mlangoni. Hakugeuka. Alitoka, akaufunga.