Mama Bwawa na Njia Kavu ya Kutokea Nyumbani

Ndugu, jamaa, majirani na wafanyakazi wenzake marehemu mliokuja kutushika mkono leo, familia ilikaa ikaona kwamba maisha ya dada yetu ayasome mdogo wake anayemfuata, yaani mimi fundi cherehani, si kwa sababu nasoma vizuri kuliko wengine, bali kwa sababu wengine wote waliojaribu jana walifika mstari wa pili wakaanza kulia, na mimi nimewaahidi kwamba nitalia nikishamaliza.

Marehemu alizaliwa tarehe 14 Machi 1961, katika nyumba hii hii ambayo mmeketi uani kwake, akiwa kifungua mimba wa watoto wanne wa baba yetu mpaka rangi na mama yetu aliyekuwa akifua nguo za watu, na tangu utotoni alitaka kila kitu kiwe mahali pake, ukihamisha kijiko anajua, ukivaa kandambili zake ukazirudisha anajua, hata sisi wadogo zake tukawa tunamwogopa kuliko tulivyomwogopa baba.

Alianza shule ya msingi Januari 1968, akamaliza mwaka 1974 akiwa wa tatu darasani, jambo ambalo hakulisamehe, kwa sababu wa pili alikuwa mvulana aliyeketi nyuma yake na kuchungulia, akaendelea na sekondari hadi 1978, kisha akasomea uhazili kwa miaka miwili, na tarehe 1 Julai 1981 akaajiriwa na manispaa kuwa mpiga chapa katika idara ya maji na usafi, kwenye kile chumba cha mwisho wa korido ambacho dirisha lake linatazama gereji ya magari ya taka, na humo humo akapanda ngazi hadi kuwa mratibu wa miradi, bila kukubali hata siku moja kuhamishiwa chumba chenye hewa nzuri, akisema huku ndiko kazi iliko.

Katika chumba hicho ndimo alimompata mume, shemeji yangu fundi bomba, mnayemwona pale mbele, aliyeitwa kuja kuziba bomba lililokuwa likivuja chini ya sinki, na bomba lile, ndugu zangu, lilitengenezwa mara nyingi mno mwaka ule, likawa haliponi, mpaka mkuu wa ofisi akasema ama huyu fundi hajui kazi ama anaijua sana. Walifunga ndoa tarehe 6 Desemba 1986, bomba likapona wiki hiyo hiyo, na Mungu akawajalia watoto watatu, binti ambaye ni muuguzi, kijana ambaye ni dereva wa lori, na kitinda mimba ambaye anafundisha hisabati, pamoja na wajukuu watano.

Sasa naomba niseme jambo ambalo wengine wenu mnalijua, kwa sababu bila hilo huwezi kumwelewa marehemu. Mama yetu alifariki tarehe 3 Mei 1998, wakati wa mvua kubwa, na wakati ule mtaa wetu huu wa bondeni mvua ikinyesha ulikuwa unapokea majitaka ya mji mzima, yanapanda kutoka kwenye mitaro na kwenye vyoo, yanaingia uani, na siku ya kumzika mama yalikuwa yamefika magotini, waombolezaji wamesimama mlimani wakitutazama kwa mbali, wabebaji wamevua viatu na kukunja suruali, na pale kwenye kona ya duka mmoja wao aliteleza, jeneza la mama likagusa maji yale. Halikuanguka, lakini liligusa, na sote tuliona. Dada alikuwa mlangoni, hakulia, akanigeukia akaniambia, "Mimi nikifa, nisitolewe hivi." Maneno hayo nimeyabeba miaka yote, na yeye aliyabeba kazini.

Aliandika maombi ya kujengewa mitaro na bwawa la kusafishia majitaka mwaka baada ya mwaka, makaratasi yakapotea, au yakafika yakakuta bajeti imeshafungwa, hadi mwaka 2016 wizara ilipotangaza kwamba ruzuku zote za miundombinu ya mazingira zitaombwa na kusimamiwa kwenye mfumo wa mtandaoni, kila mradi uwe na ukurasa wake, michoro, hati ya ardhi, picha za eneo, na taarifa ya kila hatua. Wazee wenzake ofisini waliukimbia mfumo ule, ukinyamaza kidogo unakutoa nje, ukikosea herufi unakurudisha mwanzo, lakini dada alifurahi, alisema hatimaye amepata mtu anayetaka kila kitu kiwe mahali pake kama yeye.

Basi Februari 2017 akashuka na mhandisi hadi mwisho wa bonde, chini kabisa ya mtaa wetu, akalipiga picha eneo la bwawa, na kwa kuwa kule mtandao ulikuwa wa kubahatisha, akarudi nyumbani, akaketi jikoni, akazituma kwa simu yake huku akingoja chai ichemke. Kumbe mfumo hauulizi picha imepigwa wapi, unaangalia simu iko wapi wakati wa kutuma, na hapo ndipo unapochoma alama ya mradi kwenye ramani, kwa hiyo maombi yalipopita hatua ya kwanza na barua ya pongezi ikaja na ramani yake, bwawa la majitaka la mji mzima lilikuwa limesajiliwa rasmi jikoni kwa dada yangu.

Ofisi nzima ilicheka kwanza, kisha ikaogopa, maana alama ile haibadiliki ila kwa kuyaondoa maombi na kuanza upya, na dirisha la maombi lilikuwa limeshafungwa, kwa hiyo kuyaondoa ni kuipa ruzuku miji mingine kwa mkono wetu wenyewe. Mkuu wa idara wa wakati ule, ambaye yupo hapa, nimemwona, na kwa kuwa anatabasamu nitaendelea, alishauri kwamba wakaguzi wakija wapokewe stendi, wapelekwe moja kwa moja mwisho wa bonde, na jikoni pasitajwe. Dada alikataa, akasema mfumo ukija kugundua baadaye utasimamisha fedha bwawa likiwa shimo tu, na watoto watatumbukia humo. Akapiga simu wizarani mara nyingi, akijibiwa na mashine, hadi akampata binti mmoja wa huduma kwa watumiaji, akamweleza kosa lake bila kuzunguka, na yule binti akamwambia njia ipo moja, wakaguzi wenyewe wafike pale paliposajiliwa, wathibitishe kwamba si penyewe, ndipo wairekebishe alama.

Ndivyo ilivyokuwa kwamba tarehe 9 Oktoba 2017 wakaguzi wawili wa wizara, wamevaa mabuti na kofia ngumu, waliingia jikoni humu, wakalipiga picha jiko, wakapima ukuta hadi ukuta, na kwa kuwa mfumo hauwaachii kupita swali bila jibu, wakauliza bwawa liko umbali gani kutoka nyumba ya makazi iliyo karibu zaidi. Shemeji yangu akawajibu, "Andikeni sifuri, na mvue mabuti, mama amepiga deki." Wakaandika, wakanywa chai, wakashuka hadi mwisho wa bonde, alama ikahamishiwa mahali pake, na tangu siku hiyo dada akawa Mama Bwawa, jina alilojifanya kulichukia.

Ruzuku ilipitishwa mwaka 2018, ujenzi ukaanza mwaka uliofuata, ukasimama, ukaanza tena, na alipotimiza umri wa kustaafu mwaka 2021 manispaa ilimwomba abaki kwa mkataba hadi mradi uishe, naye alikubali kabla hawajamaliza sentensi.

Mwezi Agosti 2022 alianza kuvimba miguu, akagundulika kuwa na maradhi ya figo, akawa anakwenda hospitali mara tatu kwa wiki kusafishwa damu, na kompyuta ya ofisi anakwenda nayo. Novemba 2023 ujenzi ulikamilika, ikabaki taarifa ya mwisho ambayo bila hiyo malango ya bwawa hayaruhusiwi kufunguliwa, na wakati huo dada alikuwa amelazwa, hawezi kusimama peke yake. Wenzake walimwendea wodini, wakamsihi abonyeze tu pale kitandani yaishe, akacheka mpaka akakohoa, akasema, "Nikituma kutoka hapa, kesho wakaguzi watakuja kulitafuta bwawa chini ya kitanda." Akaomba apelekwe bwawani, daktari wake akakataa, kisha akakubali kwa saa mbili, mwanawe dereva akambeba hadi kwenye gari, na mimi nilikuwapo, alishikilia ule uzio wa bwawa kwa mkono mmoja na simu kwa mkono mwingine, mtandao ukawa unakuja na kuondoka, sisi tumemzunguka asije akaanguka, yeye ametulia, hadi taarifa ikaenda. Mlinzi wa lango alipopata ruhusa alifungua, maji yakaingia taratibu, machafu, yananuka, na dada yangu aliyatazama kama mtu anayemtazama mtoto wake akirudi kutoka shule. Nilimpenda sana siku ile, na sikumwambia.

Alirudi nyumbani, akapata nafuu, akazidiwa tena mwezi Machi, na tarehe 17 Aprili 2024, saa kumi na moja alfajiri, akafariki hospitalini, binti yake muuguzi akiwa amemshika mkono.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi wa kitengo cha figo, hasa yule daktari wa saa mbili, inamshukuru mkuu wa idara na wafanyakazi wenzake, wakaguzi wale wawili ambao wametuma salamu na kuuliza kama jiko lipo, yule binti wa wizarani ambaye hatumjui sura, na nyinyi majirani wa bondeni mliotupikia na kukesha nasi.

Jana mvua ilinyesha kutwa, mliisikia wote, mvua kubwa kuliko ile ya mama. Naomba kabla hamjasimama kila mmoja aangalie viatu vyake, aangalie na pale kwenye kona ya duka, ambapo wabebaji watapita sasa hivi, wamevaa viatu vyao.

Dada, tunakutoa ulivyotaka. Pumzika, nami nimemaliza kusoma.